Kioo Kisicho na Nuru Yake

Katika nyumba yetu ya Temeke, nyumba ya ukumbi mrefu katikati na vyumba vitatu kila upande, palikuwa na kandili moja ambayo kwa desturi ilitundikwa msumarini karibu na mlango wa babu. Nayo, tangu mwaka 2000 na kwa muda wa karibu miaka miwili, iliteremshwa kila usiku baada ya sala ya isha, ikawekwa juu ya mkeka, ikazungukwa na watu saba wa umri mbalimbali, kuanzia babu, aliyekuwa amestaafu kazi ya bandarini, hata mdogo wetu wa kike ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza, wote wameviinamisha vichwa vyao juu ya kioo kidogo kisichozidi sana ukubwa wa kibiriti. Nimeishi miaka mingi tangu usiku ule, nimeketi katika karamu na mikutano mingi, lakini sijaona tena jamaa walioshikamana kwa kitu kidogo namna ile. Na kwa kuwa sasa mimi nami ni mzazi, nimeona ni wajibu wangu kuandika nilichojifunza pale, asaa kikamfaa mwingine.

Hidaya ile ililetwa na mjomba, ndugu yake mama, aliyekuwa baharia, na ambaye kila aliporudi alikuja na sanduku lenye harufu ya sabuni na chumvi. Safari hiyo alitoa chombo cha mchezo kiitwacho Game Boy, kazi ya kampuni ya Nintendo ya Japani, kilichoanza kuuzwa mwaka 1989, na pamoja nacho kaseti moja ya rangi ya buluu ya mchezo uitwao Pokémon. Ndani ya kaseti hiyo mlikuwa na nchi nzima: miji, misitu, mapango na bahari, na viumbe wa ajabu 150 wanaojificha majanini na majini, ambao mchezaji huwatafuta, huwakamata, huwalea, na huwashindanisha na viumbe wa wasafiri wenziwe. Mtu huanza safari akiwa na kiumbe mmoja tu, aliyepewa na mzee mtaalamu wa elimu ya viumbe hao, na hapo njia humfungukia kwa kadiri ya bidii yake.

Chombo chenyewe kilikuwa na dosari ambayo leo mtoto hawezi kuivumilia: kioo chake hakikuwa na nuru. Hakikung'aa kama ving'aavyo vioo vya simu za siku hizi, bali kilionyesha vivuli vinne tu vya rangi ya kijani iliyofifia, navyo havikuonekana ila kwa mwanga utokao nje. Mchana tulikichezea barazani, tukikigeuzageuza kutafuta jua. Na usiku, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa haijaingizwa umeme, hatukuwa na budi kuisogelea kandili. Sasa kandili ilikuwa ya watu wote. Bibi alichambua mchele kwa mwanga huo, dada alisoma vitabu vyake vya sekondari kwa mwanga huo, na mama alipiga hesabu ya mauzo ya siku kwa mwanga huo huo. Basi mwenye kutaka kucheza alilazimika kwenda kucheza walipo wengine, na wengine, wakiwa wamekaa kiasi cha shibiri moja na yeye, hawakuweza kujizuia kutazama. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hatukukusanywa na mapenzi ya mchezo. Tulikusanywa na upungufu wa nuru, na mapenzi yakaja baadaye.

Upungufu wa pili ulikuwa wa lugha. Maneno yote yaliyokuwa kiooni yalikuwa ya Kiingereza, nasi tuliokuwa shule ya msingi tulisoma masomo yetu kwa Kiswahili, hata neno moja kati ya matano lilitushinda. Dada ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Aliliweka gotini kamusi la Kiingereza na Kiswahili la TUKI, lililotoka mwaka 1996, akasoma kila alichonena mpita njia wa mchezoni, akatufasiria kwa sauti ya taratibu kama msomaji wa hekaya. Na bibi, ambaye hakupata kushika chombo kile hata mara moja, aliifuata hadithi yote kwa masikio, akawa hodari wa kukumbuka kuliko sisi wenye macho. Tulipopotea pangoni ni yeye aliyetuambia, "Mume wangu, jana yule mtu alikwambieni mshike ngazi ya kushoto." Kumbukumbu ya bibi ilikuwa ramani yetu.

Miaka mingi baadaye, nilipopata wasaa wa kusoma juu ya asili ya mchezo ule, nilikuta jambo lililonigusa sana. Aliyeubuni ni Mjapani aitwaye Satoshi Tajiri, aliyezaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, kiungani mwa Tokyo, mahali ambapo utotoni mwake palikuwa bado na madimbwi, mashamba na vichaka. Mtoto huyo alipenda kukamata wadudu kuliko kitu chochote. Lakini mji ulipanuka, madimbwi yakafukiwa, vichaka vikajengwa, na wadudu wakatoweka. Naye alipokuwa mtu mzima, akaona vyombo viwili vya Game Boy vilivyounganishwa kwa waya, akawaza wadudu wanaotambaa ndani ya waya ule kutoka mkononi mwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa wazo hilo yeye na wenzake wa kampuni ya Game Freak walifanya kazi miaka sita, na mchezo ukatolewa Japani tarehe 27 Februari 1996.

Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu nikakaa kimya, kwa kuwa Machida ile naijua, ingawa sijapata kuikanyaga. Naijua kwa jina la Mtoni, kwenye bonde la mto Kizinga, ambako sisi watoto wa Temeke tulishuka baada ya mvua za masika kutafuta kambale matopeni, kukimbiza kereng'ende, na kutia viluwiluwi katika makopo ya maziwa ili tuone lini vitaota miguu. Bonde lile nalo limebanwa na nyumba, maji yake yamebeba taka, na mtoto anayezaliwa leo Tandika au Azimio aghalabu hakui akijua kwamba kereng'ende wako wa rangi mbalimbali. Mtu wa mbali kabisa nasi alipoteza kitu kile kile tulichokuwa mbioni kukipoteza, akakifanyia kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ikavuka bahari ndani ya sanduku la baharia hata ikatufikia. Ndiyo maana, nadhani, bibi aliyezaliwa shambani Kisarawe hakuuona mchezo ule kuwa mgeni. Alipoambiwa kwamba kiwavi aitwaye Caterpie hujifunga ndani ya gamba gumu, akakaa humo bila kutenda jambo ila kustahimili, kisha akatoka akiwa kipepeo, alisema hayo ameyaona kwenye mikorosho ya baba yake, na akatusihi tusimwache yule wa gambani kwa sababu tu ya udhaifu wake wa siku chache.

Babu alichelewa kuingia katika duara. Yeye alikuwa mtu wa bao, na jioni nyingi alikuwa barazani pa jirani akinamua na wazee wenziwe, mtu mwenye kete 22 mkononi na subira isiyohesabika. Usiku mmoja aliniuliza kwa utulivu, "Huyo mnyama uliyemshinda, umemwua?" Nikamjibu kwamba katika mchezo huu kiumbe hauawi, huchoka tu akapumzishwa, au hukamatwa akawa wa kwako na kukutumikia. Babu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hilo ni bao." Alitueleza kwamba iko michezo mingi ya dunia ambayo kinacholiwa hutolewa ubaoni na kutupwa kando, lakini katika bao la Kiswahili kete 64 zote hubaki shimoni tangu ziingie hata mwisho, kete uliyomla adui haifi, huipanda upande wako, na kesho yaweza kurudi kwake. Mtu aliyezoea bao, alisema, hujifunza kwamba adui wa leo ni mali ya kesho, na kwamba haifai kuharibu unachokishinda. Tangu usiku huo babu akawa mmoja wetu, na alipokohoa tulijua kuwa tumeharakisha jambo lililotaka tafakuri.

Lakini mwalimu mkubwa kuliko wote alikuwa mama. Yeye alikwenda Feri alfajiri kununua samaki, akawakaanga, akawauza Tandika sokoni. Hivyo tulipofika mahali mchezoni ambapo mtu mmoja aliuza samaki aitwaye Magikarp kwa fedha 500 za mchezo, tulimwita mama aje aamue. Tulimnunua, na majuto yakatujia papo hapo, kwa kuwa samaki yule hakuweza kitu chochote. Kila alipotolewa kupigana alirukaruka tu kama samaki aliyetupwa mchangani, wala hakumdhuru mtu. Kaka alitaka kumwachilia. Mama alikataa, akauliza kwanza sheria ya kukua ilivyo, na dada akamsomea kwamba thawabu ya ushindi hugawanywa baina ya wote waliosimama uwanjani, hata aliyesimama kwa kitambo kidogo.

"Basi mtangulizeni yeye," mama akasema. "Akishaonekana, mrudisheni nyuma, mwenye nguvu aifanye kazi. Mtoto mchukue kazini aone. Usimtwishe mzigo, lakini usimwache nyumbani."

Tulifanya hivyo usiku baada ya usiku. Magikarp alisimama mbele, akaonekana, akarudishwa, akapata fungu lake la kazi asiyoifanya. Na alipofika daraja la 20, umbo lake likabadilika mbele ya macho yetu, akawa joka kubwa la majini liitwalo Gyarados, lenye nguvu kupita wote tuliokuwa nao. Naona hata leo uso wa mama katika mwanga wa kandili. Hakushangilia kama sisi. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeona hesabu yake imetimia, kwa maana ndivyo alivyotulea: alitupeleka sokoni tungali wadogo, tukakaa nyuma ya meza yake bila faida yoyote, tukijifunza kwa kuonekana tu kwamba tupo.

Mwaka 2001 zilifika habari kwamba mamlaka ya Saudi Arabia yameupiga marufuku mchezo wa Pokémon, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwa kamari. Mtaani petu maneno yakazagaa, na jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akamshauri babu akichome chombo kile moto. Babu hakukichoma, wala hakumdharau jirani. Aliniita barazani mchana, akaniambia nimwonyeshe mchezo wote tangu mwanzo, bila kumficha kitu. Akatazama kwa saa nzima, akauliza maswali kama kadhi. Ilinibidi kumwonyesha kwamba katika mji mmoja wa mchezo mna nyumba ya kamari yenye mashine za kubahatisha, na kwamba swichi ya kuifungua njia ya maficho ya wezi imefichwa nyuma ya picha iliyotundikwa ukutani mwa nyumba hiyo. Babu alitoa hukumu yake kwa insafu. Nyumba ile tuliruhusiwa kuipita kwenda kuwakabili wezi, lakini mashine zake tusiziguse hata moja. Chombo kizimwe adhana inapoanza. Wala pasitolewe fedha wala kitu chochote cha kushindania baina yetu. Kisha akatuambia kwamba mzazi anayekataza asichokiona huheshimiwa kwa hofu, na anayekataza alichokikagua huheshimiwa kwa haki. Maneno hayo nimeyaweka kama wasia.

Mchezo ule ulitolewa katika kaseti za namna mbili, nyekundu na buluu, na kwa hekima ya waliouunda kila kaseti ilikosa viumbe waliomo katika mwenzake. Aliye na buluu hakuweza kumpata nyoka Ekans, na aliye na nyekundu hakuweza kumpata Sandshrew wa mchangani, ila kwa kubadilishana kwa waya. Binamu zetu wa Kinondoni walikuwa na ile nyekundu, waliyoletewa na jamaa waliokaa Muscat. Basi mara moja kwa mwezi, siku ya Jumapili, tulipanda daladala hadi Kariakoo, tukabadilisha gari kwenda Kinondoni, chombo kimeviringwa katika kanga ya mama. Na mama na shangazi, ambao hapo kabla walikuwa wakionana harusini na msibani tu, wakapata sababu ya kuonana bila harusi wala msiba.

Katika kubadilishana huko palikuwa na shani ambayo sijaacha kuitafakari. Wako viumbe wachache ambao hawakui kwa mazoezi hata uwafunze mwaka mzima. Hufikia ukamilifu wao siku wanapokabidhiwa kwa mtu mwingine. Machoke wetu, tuliyemlea kwa miezi, alipopita wayani kwenda kwa binamu alitokea upande wa pili akiwa Machamp mwenye mikono minne. Halafu kiumbe wa kupewa hujifunza upesi kuliko aliyekamatwa na mwenyewe. Lakini akiwa ana nguvu kupita heshima ambayo mlezi wake mpya amejipatia safarini, hamtii. Shangazi, aliyewalea watoto wengi wa nduguze pamoja na wake mwenyewe, aliposikia kanuni hizo alisema kwamba aliyeziandika lazima alilelewa na shangazi.

Sasa nifike kwenye jambo chungu. Kaseti ile ilihifadhi safari moja tu kwa wakati mmoja. Mchana mmoja tulipokuwa shuleni na mama yuko sokoni, mdogo wetu alikichukua chombo peke yake, akaanza safari mpya, akaihifadhi. Na safari yetu ya mwaka na zaidi, pamoja na Gyarados wa mama, ikafutika yote. Niliporudi na kuona, ghadhabu ilinipanda hata nikainua mkono juu ya mtoto yule. Dada aliushika mkono wangu, akaniuliza swali ambalo lilinivunja nguvu: je, kabla ya kufuta, chombo hakikutoa onyo? Kilitoa. Kiliandika wazi kwamba safari ya zamani itafutwa, kikauliza kama ndivyo anavyotaka. Lakini kiliuliza kwa Kiingereza, na katika usiku wote ule wa kandili hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemketisha mtoto yule akamfundisha kusoma neno moja la kiooni. Tulimsomea, hatukumsomesha. Tulimweka katika duara kama mtazamaji, tukadhani tumemshirikisha.

Usiku huo hatukuwa na la kusema. Babu ndiye aliyevunja kimya, akauliza, "Hakuna kilichosalia?" Hapo kaka akakumbuka kwamba Machamp yuko Kinondoni, na pamoja naye wengine saba tuliowapa binamu kwa miezi ile. Wale tuliowahifadhi kwa uchoyo, tukakataa kuwabadilisha kwa kuwa ni bora mno, walikuwa wamepotea. Na wale tuliowatoa walikuwa hai, kila mmoja akiwa bado anabeba jina letu kama mlezi wake wa kwanza. "Basi mlichotoa ndicho mlichobaki nacho," babu akasema, na hakuongeza neno. Jumapili iliyofuata binamu waliturudishia watatu bila kudai badala yenye thamani sawa, na safari ya pili ikaanza, mara hii chombo kikiwa mikononi mwa mdogo wetu, kamusi gotini pake, nasi tukimzunguka. Alikuwa wa kwanza darasani mwake kusoma sentensi nzima ya Kiingereza.

Babu na bibi wametangulia mbele ya haki. Nyumba ya Temeke sasa ina umeme, na kandili sijui ilikwenda wapi. Watoto wa siku hizi wana michezo mizuri kuliko wetu, yenye rangi za kila namna na viumbe wanaozidi 1,000, kwa maana ukoo wa Pokémon umeendelea kuzaana kila miaka michache. Wala mimi si katika wale wanaoamini kwamba kila kipya ni upotevu. Lakini kioo cha leo kina nuru yake mwenyewe. Hakihitaji kandili, na kwa hiyo hakimhitaji mtu mwingine. Mtoto aweza kukichukua gizani chini ya shuka, na wengine watano wa nyumba hiyo hiyo wakawa kila mmoja na chake katika pembe yake, wote wameangaziwa na hakuna aliyemwangazia mwenziwe. Tulichokuwa nacho sisi hakikuwamo ndani ya kaseti. Kilikuwa katika mambo tuliyoyakosa: mwanga, lugha, chombo cha pili, baadhi ya viumbe. Kila kilichopungua kilitulazimisha kumwendea mtu.

Upungufu huo hauwezi kurudishwa kwa nguvu, wala si haki kumnyima mtoto nuru ili apate udugu. Ila mzazi aweza kutenda kwa hiari yale ambayo sisi tulitendeshwa na dhiki. Nyumbani kwangu chombo cha mchezo ni kimoja, kinakaa sebuleni, na anayekishika husoma kwa sauti. Nawe msomaji, ukimkuta mwanao ameinamia kioo, usianze kwa kumwuliza ataacha lini. Mwulize kiumbe huyo anaitwa nani, na amemlea tangu lini. Kisha vua viatu, uketi mkekani karibu yake, ungoje jibu.